Riwaya si za mtihani pekee: Maoni ya msomaji mmoja wa Muthurwa

Mwulize Mkenya yeyote aliyemaliza kidato cha nne akutajie riwaya ya Kiswahili aliyowahi kuisoma. Aliyefanya mtihani kati ya mwaka 2013 na 2017 atakutajia Kidagaa Kimemwozea. Waliomfuata, kuanzia 2018 hadi 2022, watakutajia Chozi la Heri, na hawa wa majuzi watasema Nguu za Jadi. Kisha mwombe akutajie riwaya ya pili. Wengi watakuna kichwa.

Jambo hili limenikaa rohoni kwa muda mrefu, na ndilo linalonifanya nishike kalamu. Mimi si mwalimu wala si mhakiki. Ni msomaji tu, mkazi wa Muthurwa hapa Nairobi, na katika miezi michache iliyopita nimesoma riwaya sita: nne za Kiswahili na mbili za Kiingereza. Nyingine zilikuwa mpya kwangu, nyingine nilizirudia baada ya miaka mingi. Nia yangu si kuzichambua kama wafanyavyo wasomi wa chuo kikuu, bali kueleza zilivyonigusa mimi mtu wa mtaa huu, na kuuliza maswali mawili matatu ambayo huenda watungaji na wachapishaji wetu wakapenda kuyasikia.

VITABU VYENYE WINO WA WENGINE

Riwaya zote nne za Kiswahili nilizinunua zikiwa kuukuu, kwa wale wauzaji wanaotandaza vitabu chini kando ya njia mjini. Bei yao ni nafuu, na kitabu cha namna hiyo kina faida moja ambayo kitabu kipya hakina: hukisomi peke yako. Mwanafunzi wa kwanza amepiga mistari kwa kalamu ya buluu, wa pili kwa nyekundu, na pembeni wameandika maneno waliyofundishwa darasani: sadfa, kinaya, mbinu rejeshi, jazanda.

Nilipokuwa nikisoma Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyotoka mwaka 2012, nilifika mahali ambapo kitoto Uhuru kinafariki hospitalini kwa kukosa kuangaliwa. Kitoto hicho kilitupwa mlangoni pa Amani, kijana maskini anayemchungia ng'ombe Mtemi Nasaba Bora, na yeye pamoja na binti Imani wakajitwika mzigo wa kukilea ingawa hakikuwa chao. Baba mzazi ni Mtemi mwenyewe. Pembeni mwa ukurasa huo mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwa herufi nadhifu kwamba hii ni jazanda, maana yake uhuru wa nchi umekufa.

Mwanafunzi huyo hakukosea hata kidogo. Bila shaka alipata alama zake. Lakini nilisimama hapo nikajiuliza kama kuna mtu aliyemwachia nafasi ya kusikitika kwanza. Kabla ya kitoto kuwa jazanda, kilikuwa kitoto. Kililia, kikaugua, wauguzi wakakipuuza. Sisi wakazi wa mitaa ya Eastlands tunazijua foleni za hospitali na tunawajua wazazi waliorudi nyumbani mikono mitupu. Msomaji akiliruka jambo hilo na kukimbilia jazanda, amekula maganda akaacha tunda.

Siwalaumu walimu. Mtihani una maswali yake na muda ni mfupi. Hata hivyo naona hapa ndipo tunapowapoteza wasomaji. Kijana anamaliza shule akiamini kwamba riwaya ni kitu cha kukaguliwa kama gari barabarani: taa zipo, breki zipo, mbinu za uandishi zipo, basi, pita. Karatasi ya mtihani ikikusanywa, kitabu nacho kinauzwa.

MAKULI WA UNGUJA NA WAFANYAKAZI WA RELI

Riwaya iliyonikaa zaidi ni Kuli, aliyoitunga Bw. Shafi Adam Shafi wa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 1979. Ni kisa cha Rashidi, kijana wa kimaskini anayeingia kazi ya ukuli katika bandari ya Unguja. Tunawaona watu wakibeba mizigo mgongoni, wakitukanwa, wakilipwa ujira usiotosha chakula, na taratibu wakijifunza kwamba mmoja mmoja hawana nguvu lakini wakishikana wana nguvu. Msingi wake ni tukio la kweli, mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948, ambao ulienea hadi ukawagusa wafanyakazi wa kazi nyingine pia.

Nakiri sikupendezwa na kila ukurasa. Mahali pengine wahusika hawaongei, wanahutubiana. Faraji, yule anayemfungua macho Rashidi, nyakati nyingine husema kama mtu aliyesimama jukwaani wakati yuko na rafiki yake tu. Lakini mtungaji anapowaacha makuli wafanye kazi, wachoke, wataniane na kuhesabu senti zao, hakuna anayemshinda. Unausikia uzito wa gunia.

Mtu ataniuliza: Muthurwa na Unguja wapi na wapi? Namjibu kwamba Muthurwa ni bandari isiyo na maji. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi za reli. Vyumba vilikuwa vidogo, kwa sababu mkoloni alimhesabu Mwafrika mjini kuwa mkono wa kazi tu. Mke na watoto walitazamiwa kubaki mashambani. Hata leo, ukitoka alfajiri utawaona mahamali na wasukuma mikokoteni wakielekea Soko la Wakulima, na tangu soko la Muthurwa lilipofunguliwa mwaka 2008 ili wachuuzi waondolewe katikati ya jiji, migongo yenye magunia imezidi kuwa mingi. Rashidi angeshuka hapa leo asingehitaji kuonyeshwa njia.

Swali langu la kwanza linazaliwa hapo. Nairobi nayo ilikuwa na mgomo wake. Mwezi Mei 1950, baada ya serikali ya kikoloni kuwakamata viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai, wafanyakazi wa mji huu waliweka zana chini kwa muda wa siku tisa. Walidai viongozi wao wafunguliwe, na walidai mshahara usiopungua shilingi 100 kwa mwezi. Makhan Singh hakufunguliwa mpaka mwaka 1961. Jambo kubwa namna hiyo lilitokea katika mitaa yetu hii, nami sijapata kuona riwaya ya Kiswahili inayolisimulia kama Bw. Shafi alivyosimulia la kwao. Wazee waliokuwepo wamekwisha kutuacha, na hao wachache waliobaki hawatatungoja.

NAIROBI YETU KWA LUGHA YA WENGINE

Si kwamba Nairobi ya makabwela haijaandikwa. Imeandikwa, tena vizuri sana, lakini kwa Kiingereza.

Going Down River Road ya Bw. Meja Mwangi ilitoka mwaka 1976. Wahusika wake wakuu, Ben na Ocholla, ni vibarua wanaojenga jumba refu liitwalo Development House. Mchana wanapandisha zege, jioni wanakunywa pombe ya bei rahisi. Wini, mwanamke anayeishi na Ben, anatoroka na kumwachia mtoto asiyekuwa wake. Ben anataka kumtupa, anashindwa, anaishi naye. Baadaye anahamia kibanda cha Ocholla kando ya mto, na vibanda hivyo askari wa baraza la jiji huja kuvichoma moto, navyo hujengwa tena. Mara Ocholla anafikiwa na wake zake na kundi la watoto kutoka mashambani, na kibanda cha watu wawili kinakuwa kijiji.

River Road yenyewe ni mwendo wa miguu tu kutoka hapa kwetu. Nilipokuwa nikisoma, nilijikuta nikifanya kazi ya ajabu: kila walichosema Ben na Ocholla kwa Kiingereza nilikirudisha kichwani kwa Kiswahili, kwa maana najua watu kama hao hawataniani kwa Kiingereza juu ya jengo. Matusi yao, mizaha yao, jinsi wanavyokopeshana sigara, yote niliyasikia kwa Kiswahili cha Nairobi, kile kinachopinda na kukatika na kuokota maneno ya Kikuyu, Kijaluo na Kikamba njiani. Ilikuwa kana kwamba mtungaji aliwatafsiri watu hawa kabla ya kuwaandika.

Kitabu cha pili ni Coming to Birth cha marehemu Bibi Marjorie Oludhe Macgoye, kilichotoka mwaka 1986 na kupata tuzo ya Sinclair. Bibi huyu alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954, akaolewa hapa, na wapenda vitabu wa Nairobi wanamkumbuka pia kwa kuendesha duka la vitabu mjini. Anamsimulia Paulina, msichana wa miaka 16 aliyeshuka kwenye stesheni ya Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, kumfuata mumewe Martin anayeishi Pumwani. Ana mimba, inaharibika. Anatoka hospitali, anapotea mjini asijue njia ya nyumbani, na anaporudi mumewe anampiga. Ndivyo Nairobi ilivyompokea.

Lakini Paulina hasagiki. Mwaka baada ya mwaka anajifunza kushona, anajifunza kufanya kazi, anajifunza kusema. Anapata mtoto, na mtoto huyo anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969 katika vurugu za ziara ya Rais Kenyatta. Bibi Macgoye hapigi kelele anaposimulia haya. Anasimulia kama jirani anayekueleza habari za jirani mwingine, na kwa sababu hiyo inauma zaidi. Niliwakumbuka akina mama wengi wa nyumba za reli ambao walishuka stesheni ile ile, na sanduku la bati, kufuata mume waliyemjua kidogo.

Hapa ndipo swali langu la pili. Nani atawasomea Ben na Paulina habari zao wenyewe? Hamali wa Soko la Wakulima aliyeachia masomo darasa la saba anasoma gazeti la Kiswahili kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa michezo, kisha anabishana juu yake. Mpe Going Down River Road atakurudishia. Si kwamba hana akili ya kuielewa. Anaijua habari hiyo kuliko hata mtungaji. Mlango ndio umefungwa.

Wengine watasema tatizo ni Kiswahili chenyewe: ati Ben akisema kama msomi wa Unguja atachekesha, na akisema kama mtu wa River Road mhariri atamkata, kwa kuwa kitabu kisicho cha Kiswahili sanifu hakiingii shuleni, na kisichoingia shuleni hakiuziki. Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuidharau. Lakini nadhani ina dawa. Msimulizi na aseme sanifu, wahusika waachwe waseme kwao. Msomaji si mtoto. Anajua kutofautisha sauti ya mwenye hadithi na sauti ya manamba wa matatu.

NYUMBA ZIKIBOMOLEWA

Chozi la Heri, riwaya ya Bibi Assumpta Matei iliyotoka mwaka 2014, ilinifanya nifunge kitabu mara kadhaa ili nipumue. Ridhaa, daktari na mtu wa watu, anapoteza mke na watoto nyumba yao inapochomwa baada ya uchaguzi, na mkono wa jirani yake wa miaka mingi, Mzee Kedi, umo katika msiba huo. Anajikuta kwenye kambi ya waliofukuzwa, katika Msitu wa Mamba, akiwa hana hata cha kujifunika. Humo pia mna habari za majumba yanayobomolewa na watu wanaohamishwa kutoka mahali walipopaita nyumbani.

Riwaya hii ina wahusika wengi mno kwa maoni yangu. Kuna wakati nililazimika kurudi nyuma kuuliza huyu ni mwana wa nani na aliokolewa na nani. Lakini swali inalouliza ni moja tu: mtu aliyefukuzwa kwao huwa mtu wa wapi?

Sisi wa Muthurwa swali hilo hatukulisikia kitabuni kwanza. Mwaka 2010 wapangaji wa nyumba za reli, wengi wao wastaafu na jamaa zao, waliambiwa wahame, na ubomoaji ukaanza. Walikwenda Mahakama Kuu, wakitegemea Katiba mpya ya mwaka huo huo ambayo katika Ibara ya 43 inataja haki ya makao yanayofaa. Mwezi Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Kesi hiyo leo hutajwa na mawakili nchini kila linapozuka suala la kuwahamisha watu.

Naitaja kwa sababu moja. Hukumu ya mahakama inaweza kusema haki imevunjwa. Haiwezi kusema mzee aliyetumikia reli miaka thelathini aliwaza nini alipoona choo cha ujia wao kikiangushwa. Hiyo ni kazi ya riwaya. Bibi Matei ameifanya kwa Ridhaa. Nilipokuwa nikimsoma Ridhaa akitembea juu ya majivu ya nyumba yake, nilikuwa nikiwaona watu ninaowajua kwa majina.

MTUNGAJI ALIYEGONGWA BARABARANI KWETU

Nimeiacha Siku Njema mwisho makusudi. Ken Walibora aliichapisha mwaka 1996. Ni habari za Msanifu Kombo, kijana wa Tanga, ambaye mama yake Zainabu Makame, mwimbaji hodari, anafariki, naye akaingia mikononi mwa jamaa wasiomtakia mema. Kwa umahiri wake wa lugha anabandikwa jina la Kongowea Mswahili. Mwishowe anafunga safari kumtafuta baba yake, na safari inamtoa pwani ya Tanga kumfikisha upande wa Kitale.

Wapo wanaosema kisa hiki kina bahati nyingi mno, kwamba watu wanakutana wakati unaofaa mtungaji. Ni kweli. Mimi hata hivyo naipenda kwa jambo lililo nyuma ya kisa. Walibora hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Bungoma mwaka 1965 na kukulia upande wa Cherangany. Kumfanya bingwa wa Kiswahili kuwa mwana wa mama wa Tanga na baba wa bara ilikuwa namna yake ya kusema lugha hii ni ya pande zote mbili. Alipoandika Kufa Kuzikana mwaka 2003, juu ya urafiki wa vijana wawili wa makabila yanayozozana, alikuwa bado kwenye wazo hilo hilo. Na katika Kidagaa Kimemwozea, Mwalimu Majisifu anayeiba mswada wa kijana Amani na kujipatia sifa nao ni onyo kwa kila anayeishi kwa jasho la wengine.

Mtu huyu alifanya kazi katika magereza, akatangaza habari kwenye runinga, akasoma mpaka akapata uzamifu Marekani na kufundisha huko, kisha akarudi. Tarehe 10 Aprili 2020, siku ya Ijumaa Kuu, aligongwa na matatu katika Barabara ya Landhies, hapa hapa Muthurwa, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 55. Kwa siku kadhaa jamaa na marafiki walimtafuta bila kujua yaliyompata, mpaka mwili wake ulipotambuliwa katika chumba cha maiti cha Hospitali ya Kenyatta.

Barabara hiyo tunaivuka kila siku. Pana makanga, wachuuzi wa mitumba, wauza sukumawiki, wasafiri wanaokimbilia mabasi ya Machakos. Vijana wengi miongoni mwao walifanya mtihani wa Kidagaa Kimemwozea. Walikwisha kuandika insha juu ya Amani na Majisifu, wengine waliikariri riwaya nzima. Nani kati yao angemtambua aliyelala barabarani? Tuliwafundisha kumtaja mtungaji. Hatukuwafundisha kwamba ni mtu anayepita njia moja nao.

NINAYOPENDEKEZA

Nisiwe wa kulalamika tu. Nina mapendekezo matatu, nayo ni madogo.

Kwanza, wachapishaji wajaribu kutoa Nairobi ya Kiingereza kwa Kiswahili, kwa karatasi rahisi na bei ya mtu wa kibarua. Kama tafsiri fulani zipo, basi zifike huku chini, zitandazwe mahali tunapopita. Mtu anayelipa nauli mara mbili kwa siku hatanunua kitabu cha bei ya kiatu.

Pili, watungaji vijana waje wakae na wazee wa mitaa ya reli, Muthurwa na Makongeni, wasikilize. Mgomo wa 1950, Hali ya Hatari, siku Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli likagawanywa, wafanyakazi wakarudi kila mtu kwao: hayo ni mambo ya riwaya kumi. Bw. Shafi alionyesha njia kwa makuli wake.

Tatu, na hili ni letu wazazi. Mtoto akimaliza mtihani, usimwache akauze kile kitabu siku hiyo hiyo. Mwambie akusomee sura moja jioni, bila kutafuta sadfa wala kinaya. Mwulize amempenda nani na amemchukia nani. Mimi nimejaribu jambo hili na kijana wa jirani, fundi wa vyuma Kamukunji, ambaye alinihakikishia kwamba Kidagaa aliimaliza zamani na hana haja nayo. Nilimsomea tu habari za kile kitoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba kitabu. Ni wiki ya tatu sasa, na bado hajakirudisha.